Nafasi Kumi na Moja

Kapi Maru,
Kupitia Alice Springs,
Australia.

2 Septemba 2019

Mpendwa dada yangu Lorna,

Pokea salamu za nyumbani, za vumbi na za upepo ambao mpaka leo haujaamua kama ni wa baridi au wa joto. Habari za figo kwanza, nyingine zitafuata. Ule mkono wanaokuchoma sindano umepungua uvimbe? Na yule muuguzi mwenye haraka bado anakutoboa kama anayetafuta ufunguo? Mwambie mdogo wako amesema apunguze. Halafu, unakula? Au bado unawagawia wenzako sahani yako na kusingizia kichefuchefu? Nakujua, Lorna.

Mimi sijambo, ila goti. Mama mdogo Dulcie hajambo, ila mdomo, na ule hauna dawa. Mbwa wako wa manjano alizaa watoto watano chini ya lile gari bovu, wamebaki wawili. Nimekuwekea jike.

Ningekupigia simu, lakini simu ya hosteli yenu ya wagonjwa iko ukumbini na kila apitaye anatega sikio, na hili ninalotaka kukuambia lina jina ndani yake. Kwa hiyo naliandika. Lisome ukiwa umekaa, na si siku ya mashine, maana najua siku ile hurudi na kichwa kizima.

Nianze na mazishi. Uliponiuliza kwenye simu nilikujibu kwamba kaka yetu alizikwa vizuri, nikakimbilia habari za mvua. Sikutaka ulie na mirija mwilini. Ukweli ni kwamba ardhi ilikuwa ngumu mpaka wanaume wakaazima mtalimbo wa watu wa barabara. Tulipokaa chini, sisi wanawake, tuliacha nafasi kati yangu na mama mdogo, upana wako. Hakuna aliyesema tuiache, iliachwa tu. Mtoto mmoja alitaka kukaa pale akavutwa mkono. Ndivyo ulivyokuwepo.

Nyumba yake imefagiwa na kufungwa. Mkewe amerudi kwao kulia na watu wake, na Rhonelle, binti yao, yuko kwangu. Jina la kaka yetu limefungwa, halitajwi; sasa naye ni Kunmanara, kama wote waliotutoka. Hata yule fundi wa magari mwenye jina kama lake tunamwita Kunmanara, naye amenuna. Anasema tumemuua kabla ya zamu yake.

Sasa niingie kwenye lenyewe. Rhonelle yuko mwaka wa mwisho wa shule. Unakumbuka alivyokuahidi: amalize, apate cheti, Februari aende Alice Springs kusomea uuguzi wa mashine za figo. Kile chumba cha kliniki bado kiko vilevile, viti viwili vipya vimefunikwa nailoni na hakuna wa kuvihudumia. Kimoja anakiita kiti cha shangazi Lorna. Mafunzo ni miaka miwili, na wanapokea mara moja tu kwa mwaka. Masomo yote amepita. Kilibaki kitu kimoja, insha ya aya tano juu ya mhusika wa filamu, ya kupelekwa mjini kusahihishwa. Najua unacheka. Mtoto anataka kuosha damu ya watu, wao wanamuuliza habari za filamu. Nami nilicheka, wakati ule.

Mwalimu ni mpya, anaitwa Bronwyn, mwembamba, mwenye kofia kubwa. Alikuja baada ya mazishi. Mimi ndiye msaidizi wake darasani, kwa hiyo insha hiyo nimeisoma pamoja na watoto mpaka naota aya. Aliwaambia wachore kiganja chao kwenye karatasi. Gumba ni utangulizi: taja filamu, taja mhusika, sema unachotaka kuthibitisha. Vidole vitatu vya katikati ni hoja tatu, kila hoja na ushahidi wake kutoka kwenye filamu. Kidole cha mwisho ni hitimisho: rudia ulichosema kwa maneno mengine, usilete jambo jipya. Alilisema hilo la mwisho mpaka wasichana wakawa wanatanguliza, "Usilete jambo jipya, Miss!" kabla hajafungua kinywa.

Darasa lina wasichana watatu. Wawili walichagua filamu ya roboti. Rhonelle akachagua ile yetu.

Unaijua ipi. Ile waliyokuja kuipiga hapa Wazungu wa Melbourne mwaka wa mafuriko, kaka yetu akiwa kijana mwenye mbavu za kuhesabika. Wapima ardhi na ngamia wao, na yeye ndiye kiongozi wao, anawaonyesha maji. Visima vitatu anawaonyesha. Cha nne hakionyeshi. Wanamfunga kwenye mti juani, anakufa bila kukionyesha. Wewe ndiye uliyenisimulia kwamba karatasi zao zilisema akionyeshe, naye akamwambia yule bwana mkubwa wao, "Kile ni kisima cha kweli, mzee, si cha sinema. Andika upya." Wakaandika upya. Walipomwuliza huyo kiongozi aitwe nani, kwa sababu kwenye karatasi alikuwa "Mweusi wa Kwanza" tu, akawapa jina lake. Si lile la makaratasi ya kliniki. Lile la nyumbani, alilopewa na babu.

Basi umeshajua shida ilipolala. Mimi sikuiona.

Filamu yenyewe niliifungia kabatini siku Bronwyn alipofika. Nilimwambia, "Mwigizaji wa hii ni mtu wetu, amefariki, hatumtazami na hatumtaji." Akaniuliza jina asije akateleza. Ningemwambiaje jina lisilotajwa? Nikamwelekeza kwenye jalada la ofisini. Akasoma jina la makaratasi, akalikwepa muhula mzima kama mtu anayeruka shimo. Nilifurahi, nikasema huyu ana adabu. Halikunijia kwamba ofisini hakuna jina lile lingine. Kwake mwigizaji ni mtu na mhusika ni kitu cha hadithi. Tena ndilo alilokuwa akiwafundisha: "Msichanganye mwigizaji na mhusika." Nami niko pale pale nakata karatasi, nasikia, natikisa kichwa kuafiki. Mpumbavu mimi.

Rhonelle hakuhitaji kuitazama. Anaijua yote, maana sote tulilelewa nayo. Kila Krismasi shuka jeupe ukutani, mkia wa kangaruu kwenye makaa, na kaka yetu akijitazama. Ukifika ule mwisho, kichwa chake kikilala kifuani, watoto walikuwa wanageuka kumtafuta gizani. Naye anasimama mbele ya shuka, picha ikimpita mwilini, anafoka, "Nani amesema nimekufa? Nani amekunywa chai yangu?" Watoto wadogo walilia, wakubwa wakacheka mpaka wakaanguka. Rhonelle alikuwa analia mpaka alipofika miaka saba, halafu akawa yeye ndiye anayemshikia kikombe.

Basi akapanga kiganja chake. Niliketi naye mezani kwangu Jumapili tatu. Kidole cha kwanza cha hoja: mhusika huyu ni mjuzi, na ushahidi ni pale anapolamba jiwe na kusema maji yako upande gani. Cha pili: ni mcheshi, kwa sababu anawaongoza Wazungu kuzunguka kilima kilekile mara mbili, na wanamshukuru. Cha tatu kilimsumbua. Alikiandika, akakifuta, akakiandika. Mwishowe akaniambia, "Shangazi, hoja yangu ni kwamba kunyamaza kwake si woga. Anaweza kusema. Hataki."

"Ushahidi?" nikamwuliza, nikimwiga Bronwyn.

"Anamtazama aliyemfunga, halafu anatazama upande mwingine kabisa, upande usio na maji. Mpaka anakufa anatazama huko. Anawapoteza hata akiwa amekufa."

Dada, niliinuka nikaenda kuosha vikombe visivyo na uchafu.

Na kila palipotakiwa jina aliandika Kunmanara. Mara kumi na moja. Hakufikiri mara mbili, na mimi niliyesoma sikuona kasoro, maana ndivyo anavyoitwa. Tukaikabidhi Jumatatu.

Alhamisi Bronwyn akairudisha. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha. Akasema ndiyo insha bora aliyowahi kuipata tangu aanze kazi, ila kuna kosa moja dogo, mwanafunzi amekosea jina la mhusika, bila shaka amechanganya na filamu nyingine. Alikuwa amelikata Kunmanara kwa kalamu nyekundu pote kumi na moja, na juu yake ameandika lile jina la nyumbani, alilolikuta kwenye mtandao katika maelezo ya filamu. Halafu, ili kumwonyesha sentensi inavyopendeza ikiwa na jina sahihi, akaisoma.

Alilisema, Lorna. Waziwazi, kwa sauti ya mwalimu, saa nne asubuhi. Tangu mazishi hakuna kinywa kilichokuwa kimelitoa hapa. Wale wasichana wawili waliinamisha vichwa mpaka kwenye meza. Rhonelle aliziba masikio, lakini alikuwa amechelewa. Bronwyn akadhani hajasikia vizuri. Akalisema tena.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka alipo, na mkasi mkononi. Ningeweza kumziba mdomo. Nilishindwa hata kuinuka. Rhonelle alichukua karatasi, akaikunja ule upande mwekundu ndani, akatoka. Hakukimbia. Alikwenda kambini kwa mama mdogo Dulcie akalala huko siku tisa, hali chochote ila chai.

Kesho yake mama mdogo alikuja shuleni na fimbo yake, akaketi kwenye ngazi ya nyumba ya mwalimu. Bronwyn akatoka amevimba macho, kwa sababu wasichana walikuwa wamemwambia.

"Nimekosa nini hasa, bibi? Nifanye nini?"

"Kaa," mama mdogo akamwambia.

Akakaa. Wakakaa mpaka jua likahama ngazi. Nilipofika mimi, mama mdogo akaninyooshea fimbo. "Huyu mtoto wa watu hajui, na asiyejua hapigwi. Wewe unajua! Umekaa naye chumba kimoja tangu alipofika, unakata maua ya karatasi! Mdomo wako uliuweka wapi?"

Nakuambia wewe kwa sababu wewe ni mkubwa na ni haki yako kujua: kosa ni langu. Nilishika mwiko wa jina vizuri mno, mpaka nikashindwa kulilinda. Kama unataka kunikasirikia, kasirika. Nitakuwa nimestahili.

Rhonelle alirudi mwenyewe. Mwalimu akamwomba radhi mbele ya wenzake, akachoma ile karatasi nyekundu nyuma ya darasa, mama mdogo akisimamia. Kisha Rhonelle akaiandika upya, na palipotakiwa jina akaweka "yule aliyejua maji". Hitimisho alilitunga upya kabisa. Aliliandika kwa kikao kimoja, bila kufuta. Bronwyn akaongeza barua yake ya kueleza desturi yetu, ikaenda na ndege ya posta.

Wiki iliyopita ilirudi kutoka mjini. Hawakuwa wakali, nisiwasingizie. Wameandika kwamba inaonyesha kipaji, lakini swali lilitaka mhusika atajwe kwa jina, na mtahini hawezi kuthibitisha ni mhusika yupi anayezungumziwa. Desturi yetu wanaiheshimu, lakini wanasema marehemu ni mwigizaji, si mhusika. Unaona, ni neno lilelile. Mwanafunzi anaruhusiwa kurekebisha na kurudisha kabla ya tarehe 27 mwezi huu. Asiporudisha, amefeli somo, na cheti hakuna mpaka mwakani.

Bronwyn alitaka kuandika mwenyewe barua ya pili, ya tatu, apande ndege aende. Ameandika. Hawajajibu. Alipoona siku zinakwisha akasema kwa sauti ndogo kwamba labda yeye alijaze jina kwenye kompyuta, yeye si mtu wa hapa, halimdhuru.

"Hapana, Miss," Rhonelle akamwambia. "Wewe ulishalisema mara mbili. Liache lipumzike."

Nikamwambia basi chagua roboti, siku bado zipo, nitakusaidia. Akanitazama kama nimetapika mezani. "Roboti ana hoja gani, shangazi? Nitathibitisha nini?" Ukaidi huo ni wa nani, unajua, na sasa hayupo wa kumcheka.

Mama mdogo ndiye aliyesema lililobaki. Katika familia yetu jina hufunguliwa na mkubwa wa waliozaliwa na marehemu tumbo moja, akiona wakati umefika. Mkubwa ni wewe. Miezi mitano ni michache, sote tunajua. Kwa mama tulikaa miaka minne, na aliyetukazia tungoje ni wewe.

Rhonelle hataki nikuombe. Amesema, "Shangazi Lorna hakufika hata kaburini. Leo ndiyo tumwandikie kwamba tuna haraka?" Lakini mimi nimehesabu, na najua nawe umehesabu. Akianza Februari hii, miaka miwili, unarudi unakaa kwenye kile kiti na unaona kile kilima dirishani. Akikosa, ni mitatu. Na uliniambia wewe mwenyewe, siku ile ya mvua, kwamba mlioingia hosteli pamoja mlikuwa saba na mmebaki wawili.

Sikuambii la kufanya. Nikikuambia lifungue, nakuambia umuuze kaka yako kwa kiti. Nikikuambia usilifungue, nakuambia ufie huko. Mdogo mtu hana kinywa cha kusema lolote kati ya hayo mawili.

Nimekuwekea insha humu ndani. Kule mwanzo utaona anavyolamba jiwe, na kilima kile utakitambua. Lakini hitimisho lake nalinakili hapa kwa mkono wangu, ulione hata kama karatasi yenyewe hutaifungua:

"Hitimisho halileti jambo jipya. Kwa hiyo narudia. Yule aliyejua maji alijua, alichekesha, na alinyamaza. Mwisho wa filamu anakufa. Nimeuona mwisho huo mara nyingi, na kila mara alisimama baadaye akaulizia chai yake. Mwezi wa nne alikufa tena, hospitalini, akitazama ukuta. Nilishika kikombe. Hakusimama. Hili si jambo jipya, lilikuwepo kwenye filamu tangu mwanzo, ila sisi tulikuwa tunacheka."

Ndiyo hiyo, dada. Nilikusudia kukuandikia mengine, ya mpira na ya mtoto wa Valmai aliyekatika meno mawili, lakini yamenitoka.

Wanakusalimu mama mdogo Dulcie, anayesema uvae soksi. Valmai na wanawe. Yule Kunmanara wa gereji, ambaye bado amenuna. Na mwalimu Bronwyn, usiyemjua, anayeogopa jibu lako kuliko sisi sote. Nisalimie yule mwenzako aliyebaki, yule mama atokaye kijiji cha Ernabella, umwambie nyumbani kunanyesha kidogo. Damu yako irudi mwilini safi kila inapotoka, na njia iliyokupeleka huko isisahau kukurudisha.

Maelekezo ni haya. Kwenye karatasi iliyopigwa chapa Rhonelle ameondoa maneno "yule aliyejua maji" na kuacha nafasi tupu, kumi na moja. Jina lenyewe hakulitamka wala kuliandika; aliweka kidole mezani akapima, akafumba macho, akapima tena. Kila nafasi ina upana wa jina lile barabara. Ukiona wakati umefika, zijaze wewe, kwa mkono wako, uirudishe na ndege ya Jumatano. Ukiona haujafika, irudishe kama ilivyo. Tutaifungua, tutaona, na hakuna atakayekuuliza kitu, si leo wala siku utakayorudi.

Ni mimi mdogo wako, niliyeketi kando ya nafasi yako,
Noreen

Kalamu ya bluu imo kwenye bahasha. Rhonelle ndiye aliyeitia. Amesema hata ukijaza, isiwe kwa nyekundu.